Kwa nini kifurushi kutoka ng'ambo huchelewa kufika Nairobi

MKAZI wa Kangemi anaponunua kifaa kutoka Shenzhen kwa njia ya intaneti, pesa zake huvuka bahari kwa muda wa sekunde chache. Ndege inayotoka Guangzhou hadi uwanja wa kimataifa wa Jomo Kenyatta husafiri kwa takriban nusu siku. Kifurushi chenyewe, hata hivyo, huenda kikamfikia baada ya wiki sita au miezi mitatu, na wakati mwingine kisimfikie kabisa.

Wengi wanaongojea hivyo humlaumu karani wa Posta, kwa sababu ndiye mtu wa pekee wanayemwona katika safari yote hiyo. Lawama hiyo huenda ikawa ya haki, na huenda isiwe. Makala haya yanafuata njia ya kifurushi kutoka ghala la muuzaji hadi kisanduku cha barua cha mnunuzi jijini Nairobi, na kutaja mahali ambapo siku hupotea bila ya mnunuzi kujua. Jambo hili si la udadisi tu. Haki ya mnunuzi kurudishiwa pesa ina kikomo cha muda, na muda huo huanza kuhesabiwa siku ya malipo au siku ya kutuma, wala si siku ile anapoanza kuingiwa na wasiwasi.

Usafirishaji wa 'bure'

Posta za dunia hushirikiana chini ya Umoja wa Posta Duniani, UPU, ulioundwa mjini Bern, Uswisi, mwaka 1874. Kenya ilijiunga nao mwaka 1964. Msingi wa umoja huo ni kwamba posta ya nchi inayopokea ina wajibu wa kumfikishia mkazi wake barua iliyolipiwa stempu katika nchi nyingine. Kwa karibu karne nzima kila nchi ilibaki na pesa za stempu zake, kwa dhana kwamba kila barua itazaa jibu na hesabu zitalingana zenyewe. Dhana hiyo haikudumu. Mwaka 1969, kongamano lililofanyika Tokyo liliamua kwamba nchi inayotuma mizigo mingi kuliko inayopokea iilipe posta ya upande wa pili kwa kazi ya kuisambaza.

Viwango vya malipo hayo vilipangwa kulingana na hali ya maendeleo ya kila nchi, na kwa miaka mingi China ilihesabiwa miongoni mwa nchi zinazoendelea. Biashara ya intaneti ilipopanuka, pengo likaonekana. Marekani ililalamika kwamba kijifurushi kutoka China kiligharimu kidogo kukifikisha kwa mnunuzi Mmarekani kuliko kingetumwa kutoka mji mmoja wa Marekani hadi mwingine. Oktoba 2018 ikatangaza kwamba ingejiondoa. Mwafaka ulipatikana Geneva mnamo Septemba 2019, katika kongamano la dharura lililoziruhusu nchi zinazopokea mizigo mingi kujipangia viwango vyao hatua kwa hatua.

Wakati wa mzozo huo, aliyekuwa akiongoza UPU ni Mkenya. Bishar Hussein, aliyekuwa Mkuu wa Posta nchini kuanzia 1999 hadi 2002, alichaguliwa Mkurugenzi Mkuu wa umoja huo mwaka 2012 mjini Doha na kuhudumu kuanzia 2013 hadi 2021. Nairobi yenyewe ilikuwa imeteuliwa kuwa mwenyeji wa kongamano la mwaka 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilisababisha mkutano huo kuhamishiwa Geneva, ingawa mkakati uliopitishwa huko ulibaki na jina la Nairobi.

Kwa mnunuzi wa kawaida, historia hii ina maana moja. Tovuti inapoandika kwamba usafirishaji ni bure, muuzaji amechagua daraja la chini kabisa la huduma linalopatikana, na posta inayokipokea kijifurushi hicho hulipwa kidogo kwa kukishughulikia. Mizigo ya daraja hilo hupakiwa ndegeni baada ya ile iliyolipiwa zaidi, na hungoja nafasi ikikosekana. Hakuna aliyevunja ahadi, kwa kuwa hakuna aliyetoa ahadi ya siku.

Kusoma nambari

Kila kifurushi cha posta chenye nambari ya kimataifa hubeba alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi kilikotoka. CN ni China, GB ni Uingereza, US ni Marekani, na KE ni Kenya. Tarakimu ya tisa haina kazi nyingine ila kuthibitisha zile nane zinazoitangulia, hivyo kwamba kosa la kunakili linaweza kutambuliwa na mtambo mara moja.

Herufi ya kwanza ndiyo inayofaa kuangaliwa kabla ya kulalamika. E ni huduma ya haraka ya EMS. R ni barua au kijifurushi kilichosajiliwa, na uzito wake hauzidi kilo 2. C ni kifurushi kamili, ambacho kwa kawaida hufika hadi kilo 20, au zaidi pale nchi zinapokubaliana. L ni kijifurushi kinachofuatiliwa bila ya kusajiliwa. U ni kijifurushi cha kawaida kisichofuatiliwa. Nambari yake ni ya utambulisho, na mtu anaweza kuiandika kwenye tovuti ya ufuatiliaji kila siku asubuhi kwa miezi miwili bila ya kuona neno lolote jipya.

Nambari isiyofuata muundo huu haikutolewa na posta. Aghalabu ni ya kampuni binafsi ya uchukuzi, au ni ya ghala la muuzaji, na karani wa posta kuu iliyoko Kenyatta Avenue hana namna ya kuitafuta katika mitambo yake.

Pengo la katikati

Maneno ya ufuatiliaji huwapotosha wengi. Tovuti ya muuzaji ikisema kwamba bidhaa 'imetumwa', huenda ikawa karatasi ya anwani imechapishwa tu, na bidhaa ingali kwenye rafu. Posta ya nchi ya asili ikisema kwamba kifurushi 'kimeondoka', maana yake ni kwamba kimetiwa ndani ya gunia, gunia likafungwa na kutoka katika ofisi inayoshughulikia mizigo ya nje. Hakuna katika maneno hayo yanayosema kwamba ndege imepaa.

Kuanzia hapo gunia huwa mikononi mwa shirika la ndege, na alama inayofuata kwa kawaida ni ile ya kupokelewa Nairobi. Katikati ni kimya. Gunia linaweza kupitia Dubai au Addis Ababa, likashushwa, likangoja, likapakiwa tena. Kimya cha wiki tatu hapo hakithibitishi kwamba mzigo umepotea. Kadhalika, hakithibitishi kwamba uko salama. Ni sehemu ambayo mnunuzi, muuzaji na Posta ya Kenya wote hawaioni vyema.

Barua nyingi duniani husafiri katika matumbo ya ndege za abiria. Hili lilidhihirika mwaka 2020. Kenya ilisimamisha safari za kimataifa za abiria mnamo Machi 25 mwaka huo kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19 na kuzirejesha Agosti 1, na katika miezi hiyo mizigo ya posta ilirundikana katika nchi ilikotoka kwa kukosa nafasi. Ndege za mizigo ziliendelea kuruka, lakini nafasi yake ilikuwa ghali, na kijifurushi cha bure hakikuwa na pesa za kushindana na maua na barakoa.

Zamani palikuwa na njia ya tatu, ya meli hadi Mombasa na kisha reli au barabara hadi Nairobi. Ilikuwa polepole, lakini mtu alijua hivyo tangu mwanzo, na wapenzi wa vitabu waliitegemea. Marekani ilifuta huduma yake ya posta ya bahari kwa nchi za nje mnamo Mei 2007. Tangu hapo, bei ya kutuma kitabu kizito kutoka huko mara nyingi huipita bei ya kitabu chenyewe. Ikumbukwe kuwa mwaka 1932, wakati ndege za Imperial Airways zilipoanza kubeba barua kutoka London hadi Cape Town kupitia Nairobi, safari nzima ilichukua takriban siku 11.

Forodhani

Kifurushi kikifika, hupelekwa mbele ya maafisa wa forodha wa Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA. Wao huongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, na hukadiria thamani kwa kujumlisha bei ya bidhaa, gharama ya usafirishaji na bima. Wanunuzi wengi husahau kiasi cha usafirishaji, kisha hushangaa kuona hesabu ya KRA imepita yao.

Ushuru wa forodha katika Jumuiya una viwango vinne vya kawaida: sufuri, asilimia 10, 25, na 35, hicho cha mwisho kikiwa kimeanza Julai 2022. Juu yake kuna ushuru wa thamani, VAT, wa asilimia 16. Kuna pia ada ya tangazo la uagizaji, iliyoshushwa hadi asilimia 2.5 mwaka 2023, na tozo ya ujenzi wa reli, iliyopandishwa hadi asilimia 2 mwishoni mwa 2024. Chukua mfano wa bidhaa ambayo bei, usafiri na bima yake ni Sh10,000, na ambayo iko katika kiwango cha asilimia 25. Ushuru wa forodha ni Sh2,500. VAT, ikihesabiwa juu ya Sh12,500, ni Sh2,000. Ada ya uagizaji ni Sh250 na tozo ya reli Sh200. Jumla ni Sh4,950, karibu nusu ya thamani, kabla ya ada yoyote ya kuhudumiwa au kuhifadhiwa. Vitabu havitozwi ushuru wa forodha, lakini Sheria ya VAT ya mwaka 2013 iliviweka chini ya asilimia 16, hatua ambayo wachapishaji na walimu waliipinga.

Kinachochelewesha hapa mara nyingi si hesabu bali karatasi. Kila bidhaa hubandikwa tangazo la forodha, CN22 kwa mizigo midogo na CN23 kwa ile yenye thamani kubwa, na tangu Januari 2021 UPU inataka maelezo hayo yatangulie kwa njia ya elektroniki. Muuzaji anayeandika 'zawadi, dola 5' juu ya saa ya dola 80 hudhani anamsaidia mteja. Afisa asipoliamini tangazo hilo hukiweka kifurushi kando hadi risiti ya malipo iletwe, na mnunuzi ambaye hajajua kwamba kifurushi kimefika hawezi kuleta risiti. Ni busara kumwomba muuzaji aandike thamani ya kweli, na kuchapisha risiti mapema.

Bidhaa nyingine zina milango yake. Mbegu na mimea huhitaji kibali cha shirika la afya ya mimea, KEPHIS. Dawa ziko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu, na ndege zisizo na rubani ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Tangu Januari 2025, nambari za utambulisho za simu zinazoingizwa nchini zinatakiwa kutangazwa kwa KRA. Fundi wa simu wa Luthuli Avenue anapaswa kujua jambo jingine zaidi: betri za lithiamu zikiwa peke yake, nje ya kifaa, haziruhusiwi katika posta ya ndege ya kimataifa. Kifurushi kikigunduliwa kuwa nazo huzuiwa kule kule kilikotoka, na mara nyingi hapo ndipo alama za ufuatiliaji hukoma bila ya maelezo.

Kutoka uwanjani hadi Karen

Uwanja wa ndege uko Embakasi, mashariki mwa jiji. Wanaoagiza kwa wingi wako katikati na magharibi: Westlands, Kileleshwa, Lavington, Kawangware, Uthiru, Karen. Umbali huo si mkubwa. Ila Posta ya Kenya haijawahi kuwa na desturi ya kupeleka barua nyumba kwa nyumba kama ilivyo Uingereza; barua huwekwa katika visanduku vya kukodi ndani ya ofisi za posta, na mwenye kisanduku huenda kuchukua.

Hapa ndipo msimbo wa posta unapofanya kazi ambayo wengi hawaifikirii. Msimbo wa Kenya huitambulisha ofisi ya posta, si mtaa. 00100 ni posta kuu ya Kenyatta Avenue, 00200 ni City Square, 00800 ni Westlands, 00606 ni Sarit Centre, ambayo iko hapo hapo Westlands, 00603 ni Lavington, na 00502 ni Karen. Mtu aliyehamia Karen akiwa bado na kisanduku cha City Square ataendelea kupata vifurushi vyake mjini. Anayeandika 00100 kwa mazoea, ilhali kisanduku chake kiko 00200, hukipeleka kifurushi chake mahali ambapo nambari hiyo hiyo ya S.L.P. ni ya mtu mwingine.

Fomu za tovuti za ng'ambo huzidisha utata. Nyingine hukataa S.L.P. na kudai jina la barabara na nambari ya nyumba. Mnunuzi huandika jina la jengo la kukodi na duka lililo karibu, na kifurushi cha posta huwasili kikiwa na anwani ambayo hakuna mpanga barua anayeweza kuitumia. Njia ya salama ni kuandika jina kama lilivyo katika kitambulisho, S.L.P., msimbo, jina la ofisi ya posta, na nambari ya simu pamoja na 254 mbele yake. Nambari ya simu imekuwa muhimu kuliko zamani. Huduma ya MPost, iliyobuniwa nchini, huigeuza nambari yenyewe kuwa anwani na kumtumia mteja ujumbe barua inapofika.

Wasio na kisanduku hutumia cha shule, cha kanisa au cha mwajiri. Zamani hili halikuwa tatizo kubwa, maana kila kisanduku kilifunguliwa mara kadhaa kwa wiki: palikuwa na bili ya umeme, taarifa ya benki, barua ya chuo. Siku hizi hayo yote huja kwa simu na baruapepe, na kisanduku hukaa mwezi mzima bila ya kufunguliwa. Kadi ndogo ya kumwita mpokeaji hulala humo. Mwandishi wa makala haya aliwahi kungojea kamusi kutoka Uingereza kwa karibu miezi mitatu na kumwandikia muuzaji barua mbili kali. Kumbe kadi ilikuwa imelala wiki saba katika kisanduku cha mwajiri wake wa zamani, anwani aliyoijaza mwenyewe kwa mazoea.

Hata hivyo, haifai kujifanya kwamba Posta haina lake. Shirika hilo lilizaliwa mwaka 1999 baada ya kugawanywa kwa lililokuwa Shirika la Posta na Simu, na upande wa simu, uliokuwa na faida, ukaenda zake. Mapato ya barua yameshuka kila kukicha, na katika miaka ya hivi karibuni shirika limefika mbele ya kamati za Bunge kuelezea madeni na malimbikizo ya mishahara. Si ajabu upangaji wa magunia ukienda pole katika shirika la namna hiyo.

Wenye haraka hutumia kampuni za kimataifa za uchukuzi, ambazo hufikisha mzigo mlangoni kwa siku chache, au mawakala wenye maghala Uingereza, Marekani na Guangzhou, ambao hukusanya bidhaa za wateja wengi na kutoza kwa kilo, ushuru ukiwemo. Ofisi za mawakala hao ni nyingi katikati ya jiji. Ni vyema kuwauliza kama bei inajumuisha ushuru uliolipwa kwa jina la nani, na kudai stakabadhi yake.

Saa ya madai

Mwaka 2014 kampuni ya PayPal iliongeza muda wa mteja kuwasilisha malalamiko kutoka siku 45 hadi 180. Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki hayo yalikuwa mabadiliko makubwa, kwani chini ya kanuni ya zamani muda ulikwisha kabla ya vifurushi vingi kufika. Lakini si kila tovuti yenye ukarimu huo. Nyingine hulifunga dai siku chache baada ya tarehe iliyokadiriwa ya kuwasili, na muuzaji mjanja hujibu kwa upole kila wiki, 'tafadhali ngoja kidogo', hadi siku hiyo ipite. Tarehe ya mwisho ya dai inafaa kuandikwa kwenye kalenda siku ile ile ya kununua. Ikikaribia, fungua dai, hata kama kifurushi kinaonekana kuwa njiani. Dai linaweza kufutwa baadaye, ila haliwezi kufunguliwa likishachelewa.

Kwa upande wa posta, uchunguzi rasmi hukubaliwa ndani ya miezi sita kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma, na ni kwa vifurushi kamili na vitu vilivyosajiliwa au kulipiwa bima. Kijifurushi cha kawaida hakina fidia. Kwa desturi anayeuanzisha uchunguzi ni mtumaji, katika posta ya nchi yake, na fidia ikitolewa hulipwa yeye, isipokuwa ameandika kwamba amemwachia mpokeaji haki hiyo. Maandishi hayo yaombwe mapema, wakati muuzaji bado anajibu barua.